Kuku Kando ya Mlango

Mimi nilizaliwa Kuku. Mdogo wangu alizaliwa Kuku, nusu ya wanafunzi ninaowafundisha hesabu walizaliwa Kuku, na hakuna hata mmoja kati yetu anayeona ajabu kulisema. Zahanati ile ya wazazi ina jina lake refu la serikali, limeandikwa juu ya lango kwa rangi ya buluu, lakini ukimtajia dereva wa teksi jina hilo atakuuliza kama ni mji mwingine. Mwambie Kuku, atakufikisha. Kando ya mlango mkubwa, upande wa kushoto, amesimama kuku wa sementi, tetea, kimo chake sentimita arobaini kamili kutoka ukucha hadi kishungi. Kichwa chake kimekuwa cheusi na laini kwa kushikwashikwa na watoto wanaosubiri chanjo.

Kuku huyo ni wa shangazi yangu. Si kwamba alimfuga. Alimchora, na hakukusudia hata kidogo ajengwe.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Aliingia ofisi ya ujenzi akiwa na miaka ishirini na mbili, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye chumba cha wachora ramani, na wa pekee kwa miaka yote aliyokaa humo. Chumba kilikuwa na meza sita za mteremko: tano za wanaume, karibu na madirisha, na ya sita yake, karibu na mlango, mahali ambapo kila aliyeingia aliingia na upepo wake. Alizishikilia karatasi kwa viwiko. Kazi yake ilikuwa kunakili. Mwanamume akishachora kwa penseli, yeye hutandaza juu yake karatasi ile nyororo inayoonyesha ya chini, kisha hupitisha mistari kwa wino. Ukikosea unaukwangua wino kwa wembe, polepole, bila kutoboa. Shangazi alikuwa na mkono mtulivu kiasi kwamba wembe mmoja ulimtosha mwaka mzima, na bado akautumia kukatia kucha.

Tatizo ni kwamba alikuwa na macho pia. Siku moja akapewa nyumba ya mwalimu mkuu ambayo choo chake hakikuwa na mlango. Choo kilikuwepo, kizuri, chenye dirisha, ila pa kuingilia hapakuwepo. Akamwendea aliyeichora.

"Samahani kaka, huyu mwalimu ataingiaje chooni?"

"Wewe nakili, dada. Usifikiri."

Akanakili. Ila alipomaliza kunakili, mlango ulikuwepo. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Hadi mwaka wa tatu unaisha alikuwa ameshaokoa ngazi mbili zilizopanda zikaishia ukutani, na jiko moja lililokuwa limekaa juu ya kisima. Wale mabwana watano wakaanza kusifiwa wilaya nzima kwa umakini wao, nao wakazipokea sifa bila kupepesa macho.

Aliyekuwa juu yao wote nitamwita Bwana Mkuu, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema shingo upande, maana nimejaribu kwa miaka mingi kumchukia na nimeshindwa. Alikuwa mkubwa wa mwili, mwepesi wa kucheka, na uvivu wake ulikuwa wa kiwango cha kuheshimika. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, na hakunywa chai kwenye kikombe kingine chochote, iwe ofisini, harusini au msibani. Alitembea nacho kwenye mkoba, kimefungwa kwa leso. Kila alipofika mahali alikitafutia kikombe pa kukaa kwanza, ndipo naye akaketi.

Sasa kuhusu kuku. Ukichora sura ya mbele ya jengo, inakubidi uweke pembeni kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, ili anayetazama ajue mlango una kimo gani. Wale wanaume walichora bwana mwenye kofia na bakora. Kila jengo lilikuwa na bwana huyo, zahanati, ghala, hata choo cha stendi. Shangazi hakumpenda.

"Huyu bwana ana urefu gani?" akawauliza.

"Wa kawaida."

"Wa kawaida wa nani? Mume wangu ananifika begani. Baba yangu huinama kwenye kila mlango. Yupi hapo wa kawaida?"

"Sasa unataka tuweke nini, dada?"

"Kuku. Nendeni popote, hamtakutana na kuku wa kuwashangaza kwa urefu."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga wino. Lakini tangu siku hiyo kila sura ya mbele iliyopita mezani kwa Shangazi ilitoka na tetea mdogo kando ya mlango, na bwana wa bakora akawa amestaafu kimyakimya.

Kisha likaja agizo la kujenga zahanati ya wazazi. Lilifika kwa Bwana Mkuu, naye akalisukuma kwa mchoraji wa kwanza. Wa kwanza akalisukuma kwa wa pili, na wa pili kwa wa tatu, kila mmoja akisema mambo ya uzazi hayajui na hataki kuyajua. Likaishia meza ya sita, karibu na mlango, kwenye upepo. "Hili la kwenu kina mama," wakamwambia. Kwa maneno mengine, shangazi yangu alipata jengo lake la kwanza kwa sababu wanaume watano waliona aibu kuchora kitanda cha kujifungulia.

Hakuchora siku hiyo, wala siku iliyofuata. Alikwenda kwenye ile zahanati kuukuu, akakaa kwenye benchi siku tatu na daftari, akitazama. Aliona kwamba mjamzito aliyeshikwa na uchungu haji peke yake. Huja ameshikwa huku na mama yake na huku na dada yake, na wote watatu hukwama mlangoni, mmoja akalazimika kuachia. Akapima upana wa wanawake watatu walioshikana. Aliwapima wanawake wa kweli, kwa futi ya mumewe ya kushonea, nao wakamdhania amerukwa na akili. Aliona kwamba benchi la kusubiria lilitazama ukuta, na mama mkwe mmoja alikaa saa sita akitazama ufa. Akalichora benchi lake chini ya dirisha, kwa kimo ambacho mtu aliyeketi anaona lango na kila anayeingia. Akaweka mbao za kushikia ukutani, ukumbi mzima, kwa ajili ya anayetembea huku akihesabu pumzi. Alichora miezi miwili. Mumewe anasema alikuwa akiongea na ramani ile kuliko alivyoongea naye, na kwamba hakuona vibaya kwa sababu ramani nayo haikumjibu.

Alipomaliza, akaipeleka kwa Bwana Mkuu ili aikague. Bwana Mkuu alikuwa na haraka ya kwenda kumpokea mgeni. Akakitua kikombe juu ya karatasi ya kwanza, akapiga muhuri, akatia sahihi, akakinyanyua kikombe, akamwita tarishi. "Hii ikatolewe nakala sasa hivi." Ukaguzi wenyewe ulichukua muda wa kunywa mafunda mawili.

Shangazi aliona kila kitu akiwa amesimama hapo hapo. Aliliona duara la chai kwenye ua wa ramani, mbele ya mlango wake, na tone moja pembeni. Akakimbilia wembe, na aliporudi nao tarishi alikuwa ameshaondoka. Mashine ya nakala haijui chai ni nini. Ililichukua duara kama mstari mwingine wowote na kulitoa safi, kwenye nakala kumi na mbili. Tangu siku hiyo shangazi yangu hanywi chai. Mkaribishe kwako umpe maji, umpe maziwa, umpe uji. Ukimletea chai atakisogeza kikombe kwa vidole viwili, mbali na karatasi yoyote iliyo karibu, hata gazeti la juzi, na hatakigusa tena.

Alijituliza kwamba fundi yeyote mwenye akili ataona kuwa lile ni doa. Hapo ndipo alipokosea hesabu, kwa sababu fundi mkuu wa kazi ile alikuwa Fuata Ramani.

Fuata Ramani alikuwa mwashi hodari kuliko wote mjini, na jina hilo hakuzaliwa nalo. Zamani kidogo aliongeza dirisha kwenye ghala kwa kuwa aliona ndani kuna giza, akaenda na kuuliza kama amefanya vizuri. Alifokewa mbele ya vibarua wake na kuambiwa: fuata ramani, usiongeze, usipunguze, usiulize. Alishika neno. Tangu hapo akipewa karatasi, kilichomo atakijenga, na kisichomo hata umlilie hakijengi.

Shangazi alipokwenda saiti baada ya majuma kadhaa alikuta mlango umesimama, mpana, wa wanawake watatu. Kisha akatazama kushoto.

"Fundi," akasema. "Hicho nini?"

"Kuku, dada."

"Namwona. Anafanya nini hapo?"

"Nimemkuta kwenye ramani. Kuku mmoja, kushoto kwa mlango, sentimita arobaini. Kipimo kimetoka vizuri, sema tu kishungi kilinipa shida."

Shangazi akashika tama. Nyuma yake, uani, palikuwa na ukuta wa matofali wa duara, unafika magotini, mita saba kutoka upande hadi upande. Palipokuwa na mwanya kwenye doa, pale chai ilipokauka bila kukutana, Fuata Ramani aliacha njia ya kupita. Na kando ya duara, pale tone lilipoangukia, alijenga kigoda cha sementi.

"Na hili je?"

"Hilo nililiwaza sana," akasema Fuata Ramani. "Sikulielewa. Nikajiambia, aliyechora ana sababu zake."

Mungu alisaidia kikombe kikatua uani, maana kwenye ramani ile sentimita moja ni mita moja ya ardhi. Kingetua sentimita nane juu zaidi, ukuta ule wa duara ungepita katikati ya vyumba vya kujifungulia, na Fuata Ramani angeujenga bila kuuliza.

Shangazi alisubiri siku ya ufunguzi kama mtu anayesubiri kufukuzwa kazi. Mgeni rasmi akafika, akasimama mbele ya kuku, akainamisha kichwa. "Huyu ana maana gani?" akauliza. Shangazi akafungua mdomo. Lakini Bwana Mkuu, ambaye alikuwa akimwona kuku yule kwa mara ya kwanza maishani mwake, alipiga hatua mbele.

"Mheshimiwa, huyu ni mama. Anakusanya vifaranga vyake."

"Na duara?"

"Duara ni uhai, mheshimiwa. Hauna mwanzo wala mwisho."

"Lina mwanya."

"Ndipo tunapoingilia," akasema Bwana Mkuu, na watu wakapiga makofi. Mimi ni mwalimu, najua mtu anayejibu swali ambalo hakulisoma, na nakiri kwamba kwa jibu lile ningempa alama tisa kati ya kumi. Shangazi alifunga mdomo. Picha zikapigwa. Zahanati ikawa ya Bwana Mkuu.

Mwaka uliofuata Shangazi aliacha kazi. Akachukua kalamu zake, wembe wake na ile ramani ya asili, akahamia kiwanda cha uchapaji, ambako alikuwa mwanamke wa kwanza kuchora herufi na nembo. Ukitazama daftari la shule la miaka ile, jalada lake ni kazi ya Shangazi. Karatasi ya sabuni ya kufulia, kalenda za duka la baiskeli, makopo ya rangi, vyote vilipita mkononi mwake, na kwenye kona ya kila kimoja kuna kuku mdogo. Wateja walizoea. Mmoja tu, seremala wa majeneza, alikuja kulalamika kuhusu bango lake.

"Mama, bango zuri. Ila naomba umtoe kuku."

"Watajuaje ukubwa wa jeneza?"

Seremala alifikiri, akaona kuna ukweli, akaondoka na kuku wake.

Miaka ikapita. Alistaafu. Nilidhani lile la zahanati ameshalimeza, kwa kuwa sisi sote tulilitania na yeye alicheka pamoja nasi. Mpaka mwaka jana ilipokuja barua. Zahanati inatimiza miaka arobaini. Litawekwa bamba ukutani lenye jina la aliyeibuni, ambaye ni Bwana Mkuu. Na Shangazi anaalikwa kwa heshima kubwa "kama mmoja wa wanakili wa zamani". Nilimsomea mimi, kwenye kibaraza chake.

"Rudia hapo kwenye wanakili."

Nikarudia.

"Sitaki kiti cha mbele," akasema. "Sitaki shada, sitaki soda. Nataka jina langu kwenye ukuta ule kabla sijafa, kwa herufi zinazosomeka. Mlango ule niliupima mimi, mwanangu. Niliupima kwa wanawake." Mimi nikapandwa na hasira ambayo bado sijaishusha yote.

Ushahidi ulikuwa mmoja: ile ramani ya asili. Tukaitafuta kabatini, chini ya godoro, nyuma ya masanduku. Haipo. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani na mtu mpole mno, alikuwa akitufuata chumba hadi chumba, uso umemshuka.

"Baba, umeiona?" nikamuuliza.

"Karatasi nyororo? Kubwa? Inayoonyesha ya chini?"

"Ndiyo."

"Inayofaa sana kukatia?"

Shangazi akageuka polepole. Mzee akaenda kwenye chumba chake cha kushonea, akarudi na bahasha kuukuu, na humo ndani mlikuwa na zahanati ya wazazi, imekatwa umbo la suruali. Mguu wa kulia mbele, mguu wa kulia nyuma, kiuno, na mifuko miwili. Kuku alikuwa kwenye mfuko.

"Nilidhani umeimaliza," akasema kwa sauti ya chini. "Zimetoka suruali nzuri sana hapo. Mabwana harusi wasiopungua kumi." Shangazi alimtazama, na nikaomba Mungu. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi sakafuni, na mumewe akaketi naye.

Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa kusubiria wa zahanati, chini ya dirisha la Shangazi. Mwenyekiti alikuwa matroni, mama mkavu asiyependa kupotezewa muda. Bwana Mkuu alikuja na mwanawe, amekula chumvi nyingi, anatembea kwa shida, bado anacheka. Akaufungua mkoba, akakifungua kikombe kwenye leso, akakitafutia mahali mezani, akaketi. Fuata Ramani naye aliitwa, akaulizwa nani aliyechora.

"Aliyechora simjui," akasema. "Palikuwa na muhuri. Muhuri sikuujenga, kwa kuwa ulikuwa nje ya uzio."

Matroni akamgeukia Bwana Mkuu. "Mzee, shikamoo. Hebu tuambie, huyu kuku ni wa nini?"

Akaeleza habari za mama na vifaranga. Aliieleza vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza; nadhani kwa miaka arobaini alikuwa akiipiga msasa. Nilimtazama usoni, na nikaona kitu ambacho sikukitarajia: hakuwa akidanganya. Alikuwa ameshaamini.

"Na mlango, kwa nini ni mpana hivi?"

"Heshima," akasema. "Jengo kubwa, mlango mkubwa."

"Mama, na wewe?"

Shangazi hakutoa hotuba. Alimwomba matroni asimame, akamshika mkono wa kushoto, akaniita mimi nishike wa kulia, tukaenda sote watatu hadi mlangoni na kupita. Tulipita bila kugusa fremu, tukarudi. "Ni hivyo tu," akasema. "Na kuku ni wa kuonyesha kimo cha mlango. Hana mengine."

Matroni alibaki amesimama pale, mkono wake bado mkononi mwa Shangazi. "Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa," akasema. "Hatujawahi kumwachia mtu mlangoni."

Mwana wa Bwana Mkuu akakohoa, akasema hayo ni maneno matupu, muhuri ni muhuri. Hapo mume wa Shangazi akainuka, akamwaga suruali mezani. Akaziunganisha mwenyewe, mguu kwa mguu, kwa pini, kwa ustadi wa kazi yake. Muhuri ulikuwepo gotini. Mwandiko wa vipimo vyote ulikuwa wa Shangazi. Na juu, kwenye paja, palikuwa na duara la kahawia na tone pembeni.

"Mzee," nikamwambia Bwana Mkuu, "naomba nikiazime kikombe chako."

Nilipima duara: sentimita saba. Nilipima kitako cha kikombe: sentimita saba. Nikakitua juu ya paja la suruali, kikakaa mahali pake. Nje ya dirisha duara la matofali lilikuwa likituangalia, mita saba, na akina mama wamelikalia na watoto wao mapajani.

Bwana Mkuu aliinama, akakitazama kikombe, akatazama nje, akakitazama tena. "Duara la uhai," akasema taratibu.

"Ni chai, Bwana Mkuu," akasema Shangazi.

"Na mlango nilichora mimi?"

"Hapana."

"Madirisha?"

"Hapana."

"Sasa mimi nilichora nini?"

"Duara. Duara ni lako kabisa, hakuna wa kukunyang'anya. Na kile kigoda."

Mzee akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, halafu vyote viwili vikaja kwa pamoja. "Miaka arobaini," akasema, "miaka arobaini nawaeleza watu kikombe." Akampa Shangazi mkono. "Nisamehe, dada. Sikuitazama. Ningeitazama ningejua." Akamwambia mwanawe anyamaze, ingawa mwanawe hakuwa akisema kitu.

Bamba likabidi lichorwe upya. Nani wa kuchora herufi halikuwa swali la kuuliza. Shangazi alikaa siku kumi na moja kwenye meza ya mumewe ya kukatia, na jina lake lote, lake na la baba yake na la babu yake, akalichora kwa wino kwa ukubwa wake halisi. Alilichora peke yake, mlango umefungwa. Hata mimi sikuruhusiwa kuingia. Karatasi akaipeleka kwa Fuata Ramani ili aichonge kwenye sementi, maana magoti yamemwisha lakini mikono bado anayo.

Siku ya sherehe, kitambaa kikavutwa. Juu limeandikwa jina la Shangazi na maneno "aliibuni na kuichora zahanati hii". Chini, kwa herufi ndogo, kwa ombi la mwenyewe: "Duara la uani: Bwana Mkuu na kikombe chake." Watu walivunjika mbavu. Bwana Mkuu alipunga kikombe. Shangazi alisogea, akapitisha kidole kwenye kila herufi ya jina lake, na alichosema tu ni kwamba herufi ya nne imebanwa.

Mimi ndiye niliyeona. Baada ya herufi ya mwisho ya jina lake palikuwa na alama ndogo, si nukta, maana haikuwa mviringo; ilikuwa imechuruzika kidogo upande mmoja, na ilikuwa imechongwa kwa uangalifu kama herufi nyingine zote.

"Babu, na hii je?" nikamuuliza Fuata Ramani.

"Imo kwenye ramani," akasema, akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Kweli ilikuwemo. Mwisho wa jina karatasi ilikuwa imejikunja kidogo, kama karatasi ikirowa na kukauka, na wino mbichi ulikuwa umetawanyika, bila doa lolote la kahawia. "Nimekuta tone, nimechonga tone."

Nikamgeukia Shangazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kile cha sementi, mkono mmoja juu ya goti la mumewe, akitazama wanawake watatu walioshikana wakiingia mlangoni bila kuachiana.

"Shangazi, hili tone ni la nini?"

"Chai hiyo," akasema, bila kugeuka.

Shangazi yangu hanywi chai.